UZI: Honda na timu ya McLaren kwenye mbio za Formula 1 (F1) 2015–2017, injini iliyotukanwa redioni kwenye uwanja wake yenyewe

#1 Mzee wa Gia

Wakuu, salaam.

Kuna uzi wa juzi mtu kaandika "Honda waliingia F1 mwaka 2015 wakafeli, habari ikaisha." Nikamjibu mstari mmoja tu, nikaambiwa nilete maelezo au ninyamaze. Nimeleta. Ni marefu, nitayashusha kwa vipande. Asiye na muda aache alama hapo chini aje kesho.

Msimamo wangu nautanguliza ili msinitafutie maneno baadaye. Injini ile ilikuwa mbovu, tena mbovu ya kutia huruma, na sina mpango wa kumtetea mtu. Ila kuwa na injini mbovu F1 ni jambo la kawaida. Mwaka 2014 Renault na Ferrari nao walikuwa hoi. Kilichowafanya Honda wawe kichekesho ni midomo, yao na ya McLaren. Walikuwa wanatoa ahadi yenye tarehe na jina la mpinzani ndani yake, halafu tarehe ikifika gari linazima mbele ya kamera.

Tuanze na jina lenyewe. Ukitaja McLaren Honda kwa mtu aliyefuatilia mbio zamani, anawaza 1988: madereva Senna na Prost, mbio 16, wameshinda 15. Ubingwa wa madereva na wa timu walibeba miaka minne mfululizo, 1988 hadi 1991. Mwisho wa 1992 Honda wakaondoka. Walirudi baadaye, wakafikia hadi kumiliki timu, wakaachana nayo mwisho wa 2008. Timu hiyo hiyo mwaka uliofuata, ikiitwa Brawn na ikiwa na injini ya Mercedes, ikachukua ubingwa. Hawa jamaa wana kipaji cha kuaga wakati chungu kinachemka.

Mei 2013 wakatangaza kwamba wanarudi na McLaren kuanzia 2015. Ron Dennis wa McLaren alikuwa na hoja aliyoirudia sana: kwa zama hizi, timu inayonunua injini kwa mpinzani wake haiwezi kuwa bingwa, lazima uwe na mtengenezaji wako. Ilisikika kama hekima. Muiweke pembeni, nitaihitaji baadaye.

Nakuja na sehemu ya ufundi.

#2 Kona Kali

Nimeweka kambi. Shusha nondo mkuu.

#3 Bibi Pistoni

Mzee wa Gia, ukifika kwenye ufundi tafadhali eleza taratibu. Wengine tunapenda mbio ila tukisikia MGU sijui nini tunazima redio.

#4 Mzee wa Gia

Nimekusikia Bibi, shikamoo. Twende taratibu.

Kanuni mpya za 2014 ziliondoa injini ya V8 ya lita 2.4, ikaja V6 ya lita 1.6 yenye turbo na mota mbili za umeme.

Mota ya kwanza inaitwa MGU-K, imeungwa na shafti ya injini. Gari likifunga breki inazalisha umeme, dereva akikanyaga mafuta inasukuma. Mwisho wake ni kilowati 120, karibu nguvu farasi 160.

Mota ya pili ndiyo yenye kesi. Inaitwa MGU-H na imekaa kwenye shafti ya turbo. Moshi wa ekzosi unazungusha turbo, mota inavuna umeme humo humo. Kanuni iliiruhusu izunguke hadi mara 125,000 kwa dakika. Na umeme wa kutoka MGU-H kwenda moja kwa moja MGU-K haukuwekewa kikomo. Yaani ukiijua kuifuga hiyo mota, una farasi 160 za ziada karibu kila mahali unapokanyaga mafuta. Ukishindwa, unategemea betri, na betri kwa mzunguko mmoja ina kiwango chake.

Ongeza na hili: mafuta kilo 100 kwa mbio nzima, na hayaruhusiwi kupita kwa kasi zaidi ya kilo 100 kwa saa. Kwa hiyo mchezo wote ukawa ni nani hapotezi joto.

Sasa McLaren wakaja na wazo lao la gari lenye mkia mwembamba kupita kiasi ili hewa ipite vizuri nyuma. Injini ikaambiwa ijibane. Honda wakakubali, wakatumbukiza kompresa ya turbo, ile sehemu inayosukuma hewa kwenye injini, katikati ya ile V ya silinda. Kwa macho ilikuwa kitu kizuri kabisa, kama saa ya mkononi. Tatizo, nafasi hiyo ni finyu, kwa hiyo turbo ikabaki ndogo. Turbo ndogo, mavuno madogo. Na kila kitu kimebanana na kitu kingine chenye moto.

Hapo ndipo ugonjwa ulipoanzia, Bibi. Wakati Mercedes wanavuna, Honda walikuwa wanaokota masazo.

#5 Bibi Pistoni

Marahaba. Hapo nimeelewa. Kwa hiyo dereva anakanyaga mafuta, umeme unaisha katikati ya njia?

#6 Mzee wa Gia

Hasa. Katikati ya mstari mnyoofu, dereva mguu uko chini kabisa, ghafla farasi 160 zinaaga. Jirani yake bado anazo. Unapitwa kama umesimama kununua karanga.

#7 Mtu wa Spea

Ngoja niwatetee kidogo. Honda waliingia mwaka mmoja nyuma ya wenzao, na wakati ule kulikuwa na zile tokeni, yaani kiwango cha mabadiliko unachopewa, hukuruhusiwa kubadilisha injini utakavyo msimu ukishaanza. Honda walipewa tokeni tisa tu kwa mwaka mzima wa 2015. Ukikosea msingi wa nyumba utarekebisha nini kwa matofali tisa?

#8 Mzee wa Gia

Hoja nzuri, na nitaongeza ambayo naona ni kubwa kuliko ya tokeni. Mercedes mwaka 2014 walikuwa na timu nne, magari manane yanazunguka na injini yao. Kila Jumapili wanakusanya taarifa za magari manane. Honda walikuwa na magari mawili, na hayo mawili mara nyingi yako gereji. McLaren wenyewe hawakutaka Honda wampe timu nyingine injini. 2015 Red Bull walipogombana na Renault wakapiga hodi Honda, Dennis akaweka mguu mlangoni. Alitaka mke awe wake peke yake, halafu analalamika kwamba hajui kupika.

Haya, msimu wa 2015.

Majaribio ya Abu Dhabi, Novemba 2014: siku mbili, gari halikufikisha hata mizunguko kumi. Jerez, Februari 2015: siku nne, mizunguko 79. Mercedes hapo hapo walizunguka zaidi ya mara 500. Barcelona, sili ya MGU-K ikawa inakufa. Alonso, dereva wa McLaren, akapata ajali kwenye majaribio hayo hayo, akakosa mbio za kwanza, Magnussen akashika kiti chake.

Australia, mbio za kwanza. Injini ya Magnussen ikafuka moshi akiwa anaelekea kwenye gridi, pale magari yanapojipanga kuanza. Mbio hazijaanza! Button, dereva mwingine wa McLaren, akamaliza wa 11, magari yaliyomaliza yalikuwa 11, naye kaachwa mizunguko miwili. Na hapo injini ilikuwa imepunguzwa nguvu kwa makusudi kwa kuogopa joto.

Pointi za kwanza zilikuja Monaco, Button wa nane. Angalieni uwanja: Monaco, ambako mstari mnyoofu hakuna.

Sasa ndiyo tunaingia kwenye midomo. Mkuu wa mradi upande wa Honda alikuwa Yasuhisa Arai. Kabla ya mbio za Spa, Ubelgiji, Agosti, akasema maboresho wanayoleta yatawafikisha kwenye nguvu ya Ferrari. Ferrari! Hao ndio walikuwa wa pili kwa injini mwaka ule. Spa ina ule mlima wa baada ya kona ya Eau Rouge na mstari mrefu wa Kemmel, ni uwanja wa kuumbuana. Wikiendi hiyo McLaren wakabadilisha injini na vipande vyake kupita idadi inayoruhusiwa, mpaka adhabu za kurudishwa nyuma kwenye gridi zikafika nafasi 105 kwa magari mawili. Button nafasi 50, Alonso 55. Gridi nzima ina magari 20.

#9 Kona Kali

Nafasi 105 😂😂😂 Yaani ilibidi wakaanzie nchi jirani.

#10 Mtu wa Spea

Kwa haki, zile adhabu walizipanga makusudi ili wapate injini za akiba. Tayari walikuwa nyuma, bora wazimalize zote kwa siku moja.

#11 Mzee wa Gia

Kweli mkuu, kihesabu ilikuwa akili. Lakini ukishasema "tunakuja na nguvu ya Ferrari", halafu dunia inaona 105, nani atasikiliza hesabu?

Wiki mbili mbele, mbio za Monza, Italia. Waandishi wakamkalia Arai kwenye mkutano wa Ijumaa, wakamuuliza kama ataomba radhi, kama atajiuzulu. Jamaa alikaa pale uso mkavu akajibu kwamba injini yenyewe, ukiacha umeme, imewapita Renault kwa farasi 25. Nataka mlione jibu hilo vizuri kwa sababu ndilo linabeba ugonjwa wote. Inawezekana kabisa alikuwa anasema kweli! Upande wa mafuta injini haikuwa mbaya kama watu walivyodhani. Lakini kwenye zama hizi huwezi kusema "ukiacha umeme". Ni kama kocha aseme timu yangu nzuri, ukiacha mabeki.

Halafu Suzuka. Septemba 27, 2015.

Kwa wasiojua, Suzuka ni uwanja wa Honda. Walioujenga ni wao, na unamilikiwa na kampuni iliyo chini yao. Vigogo wa kampuni wamekaa jukwaani. Alonso anatoka kona ya mwisho, anaingia kwenye mstari mkuu, kanyaga, umeme unakata, gari la Toro Rosso linampita. Anabonyeza redio: "GP2 engine! GP2!" GP2 wakati ule ni ligi ya vijana, daraja la chini ya F1. Kamwambia bwana harusi mbele ya ukoo wake kwamba suti yake ni ya kuazima.

Alimaliza wa 11. Si vibaya sana, cha ajabu. Lakini nani anakumbuka nafasi?

#12 Bibi Pistoni

Mimi nilikuwa naangalia siku ile. Nilichokumbuka ni sauti. Hakuwa anapiga kelele za hasira peke yake, ilikuwa ya mtu aliyechoka. Bingwa wa dunia mara mbili anapitwa kama daladala mbovu.

#13 Kona Kali

Na kiti cha Brazil mmekisahau? Gari limezima kwenye kufuzu, jamaa kashuka, kaenda kukaa kwenye kiti cha wasimamizi wa njia, kafumba macho anaota jua. Ile picha ilisambaa mtandaoni kuliko picha ya mshindi.

#14 Mzee wa Gia

Hahaha, na baadaye yeye na Button wakapanda jukwaa la washindi kupiga picha, maana walijua kwa njia ya kawaida hawatafika.

Msimu ukaisha: pointi 27, wa tisa kati ya timu kumi. Aliyekuwa nyuma yao ni Manor peke yake, asiye na pointi hata moja.

2016 naipita haraka. Arai akatoka, akaja Yusuke Hasegawa. Turbo ikaongezwa ukubwa, umeme ukaacha kukata ovyo, wakamaliza wa sita kwa pointi 76. Mwaka mtulivu, maneno machache, kazi inaonekana. Kama wangeendelea hivyo hivyo huu uzi nisingeuandika.

#15 Dereva Mstaafu

Mzee wa Gia, kwani 2017 kilitokea nini? Mimi naona ndiyo mwaka wa ajabu zaidi. Unatoka kwenye nafuu, unarudi wodini?

#16 Mzee wa Gia

Swali zuri. 2017 tokeni zilifutwa, kila mtu huru. Honda wakaamua kubomoa nyumba yote na kujenga upya kwa ramani ya Mercedes: kompresa mbele ya injini, upande wa ekzosi nyuma, MGU-H katikati, vyote kwenye shafti moja ndefu. Uamuzi sahihi kabisa, na nausema bila kigugumizi. Ila uamuzi sahihi ukifanywa kwa haraka unaweza kukuzika.

Hebu angalieni hapa kwa karibu. Injini mpya huanza kujaribiwa kwa silinda moja tu kwenye benchi. Unacheza na uchomaji wa mafuta humo, ukiridhika unajenga silinda zote sita. Ya Honda ilionyesha matumaini kwenye silinda moja. Walipojenga V6 kamili, miezi michache tu kabla ya majaribio, matumaini hayakuhamia huko. Muda ukawa umeisha, ikabidi waende Barcelona nayo hivyo hivyo.

Siku ya kwanza, tenki la oili. Kwenye benchi lilikuwa linafanya kazi safi. Kwenye gari, likiingia kona na mwili wa dereva unavutwa upande, oili nayo inakimbilia upande, pampu inavuta hewa. Benchi halipindi kona. Hasegawa mwenyewe alieleza kwamba mambo hayo yalikuwa magumu kuyaiga maabara. Siku ya pili, Vandoorne, dereva mwenza wa Alonso mwaka ule, naye akapoteza injini. Kisha mtetemo: injini ikiungwa na gia boksi na matairi halisi, ikawa inatetemeka kwa namna ambayo benchi halikuionyesha.

Na kabla ya hapo walikuwa wamesema nini? Kwamba msimu ukianza watakuwa kwenye kiwango cha Mercedes ya 2016. Kipimo kingine chenye jina la mtu na tarehe. Hawakujifunza.

Alonso hakukawia. Kwenye majaribio hayo hayo akasema tatizo lao ni moja tu, injini: haina nguvu na haidumu, na kwenye mistari wanaachwa kilomita 30 kwa saa.

#17 Dereva Mstaafu

Kwa hiyo waliogopa kuchelewa wakaingia wakiwa mbichi. Na Urusi gari likafa kwenye mzunguko wa kujipanga, nakumbuka.

#18 Mzee wa Gia

Ndiyo, Sochi, Alonso hakufika hata kwenye gridi. Bahrain Vandoorne hakuanza kabisa. Pointi za kwanza za mwaka zilipatikana Azerbaijan, mbio za nane. Hungary Alonso akawa wa sita na kuweka mzunguko wa kasi kuliko wote. Tena uwanja wa kona kona. Mnaona mtiririko?

#19 Mtu wa Spea

Msisahau Indianapolis. Mei 2017 Alonso kaacha Monaco, kaenda Indy 500 kwa gari lenye injini ya Honda pia. Kaongoza mizunguko 27, zimebaki 21 tu mbio ziishe, moshi. Injini imenoki.

#20 Kona Kali

Aisee huyu mtu alilaaniwa na herufi H.

#21 Mzee wa Gia

Subirini, tuwe wakweli. Aliyeshinda Indy 500 siku ile ni Takuma Sato, naye alikuwa na injini ya Honda, kutoka gereji ile ile ya Andretti. Na injini za Indy zilitoka kwa Honda wa Marekani, mafundi wengine kabisa. Bahati mbaya ya Alonso siku ile haikuhusiana na Sakura, kule Japan walikokuwa wanapigana na MGU-H. Watu wanapenda kuziunganisha kwa sababu hadithi inakuwa tamu.

#22 Chesisi Safi

Mimi nimekaa kimya muda mrefu, sasa naomba niseme kwa upande wa McLaren. Mnawasema kama vile wao walikuwa na midomo bure. Gari lao lilikuwa zuri! Hungary imeonyesha. Monaco imeonyesha. Ukiweka injini nzuri pale, wangekuwa mbele. Kuvunja ndoa ilikuwa lazima.

#23 Mzee wa Gia

Chesisi Safi, karibu, nilikuwa nakungoja. Ulichoandika ni neno kwa neno walichokuwa wanasema McLaren wenyewe. Na nadhani waliamini kwa dhati.

Septemba 15, 2017, Singapore, ndoa ikavunjwa. McLaren wakahamia Renault, Honda wakapelekwa Toro Rosso, timu ndogo ya Red Bull. Sasa hebu tuangalie 2018 bila huruma. McLaren wana injini ya Renault. Red Bull wana injini hiyo hiyo ya Renault. Hii ni zawadi ambayo F1 haitoi mara nyingi, mtihani mmoja, wanafunzi wawili. Red Bull wakashinda mbio nne: China, Monaco, Austria, Mexico. McLaren wakapata pointi 62 mwaka mzima, na magari yao yakawa yanakwenda taratibu kwenye mistari kuliko wenzao wenye injini ile ile. Hewa ilikuwa inaling'ang'ania gari. Julai, mkuu wao wa mbio, Eric Boullier, akajiuzulu.

Miaka mitatu walikuwa wakitazama mstari mnyoofu wanasema "ni injini". Ilikuwa injini, kweli. Lakini injini mbovu ikakufanya usione kwamba na wewe una kasoro zako. Hilo ndilo deni la Honda kwao ambalo watu hawalisemi: waliwapa kisingizio kizuri mno.

#24 Chesisi Safi

Hapo kwa 2018 sina la kusema. Ila bado pointi 62 ni zaidi ya mara mbili ya 30 za 2017.

#25 Mzee wa Gia

Nakubali. Kuachana kuliwasaidia. Sijasema Honda walikuwa malaika.

#26 Bibi Pistoni

Na Honda huko Toro Rosso?

#27 Mzee wa Gia

Huko ndiko nilikotaka kufika tangu mwanzo, Bibi.

Kwanza walinyamaza. Mpango ukagawanywa: Toyoharu Tanabe awe uwanjani, Yasuaki Asaki abaki Sakura akijenga. Zamani mtu mmoja alikuwa anabeba vyote viwili na kuhojiwa juu yake. Toro Rosso haikuwa na matarajio ya ubingwa, na bosi wao Franz Tost aliwahi kufanya kazi Japan, akawapa watu wake mafunzo ya namna ya kuishi na Wajapani. Timu ikawa inakubali adhabu za gridi makusudi ili injini mpya ipate kilomita. Mbio za pili tu, Bahrain 2018, dereva wao Gasly akamaliza wa nne. McLaren hawakuwahi kupata nafasi hiyo na Honda kwa miaka mitatu.

Halafu ile MGU-H iliyokuwa inakufa. Shafti ndefu, mizunguko zaidi ya laki moja kwa dakika, inatetemeka mpaka beringi zinakata tamaa. Nani anajua kufuga shafti ya namna hiyo? Watu wa ndege. Honda wanatengeneza ndege ndogo ya biashara, HondaJet, na injini yake. Wahandisi wa kule wakaitwa, wakatatua mtetemo, baadaye wakasaidia hata umbo la turbo. Walikuwa kampuni ile ile miaka yote! Dawa ilikuwa chumba cha pili wakati mgonjwa anakufa sebuleni.

2019 wakaingia Red Bull yenyewe. Juni 30, Austria, dereva wao Verstappen kashinda, ushindi wa kwanza wa Honda tangu Button pale Hungary 2006. Jukwaani akashika nembo ya Honda kifuani akaionyesha kwa kidole, Tanabe amesimama pembeni yake. Brazil mwaka huo huo, Verstappen wa kwanza, Gasly wa pili baada ya kumshinda Hamilton wa Mercedes kwa pua hadi mstarini.

Oktoba 2020, kwa ile desturi yao niliyowaambia, wakatangaza wanaondoka mwisho wa 2021. Na kwa kuwa wanaondoka, Asaki akaomba injini mpya iliyopangwa kwa baadaye iletwe mapema. Ndogo zaidi, silinda zimesogezwa karibu, kuta zake zimepakwa kwa utaalamu uliotoka kiwanda cha pikipiki cha Kumamoto. Ndege na pikipiki, ndizo zilizookoa gari. Desemba 12, 2021, Abu Dhabi, Verstappen bingwa. Dereva wa mwisho kabla yake kuwa bingwa na Honda alikuwa Senna, 1991.

#28 Dereva Mstaafu

Na ule ubishi wa mbio za Abu Dhabi tusiufungue hapa, uzi utafika kurasa 90.

#29 Mzee wa Gia

Naomba sana, tusiufungue.

#30 Mtu wa Spea

Mkuu ulisema tuweke pembeni maneno ya Ron Dennis. Kwamba mteja wa injini hawezi kuwa bingwa.

#31 Mzee wa Gia

Asante kwa kunikumbusha. 2024, McLaren mabingwa wa timu, mara ya kwanza tangu 1998. Injini: Mercedes ya kununua. Timu ya Mercedes yenyewe ilimaliza ya nne.

#32 Chesisi Safi

😂 Nimeinua mikono.

#33 Kona Kali

Uzi mtamu sana mkuu. Swali la mwisho. Honda si waliondoka? Mbona naona watu wanawajadili tena?

#34 Mzee wa Gia

Hawakuondoka vizuri. Waliendelea kuwajengea Red Bull injini hata baada ya kuaga. 2023 Red Bull walishinda mbio 21 kati ya 22 nazo. Mei mwaka huo huo Honda wakatangaza kurudi rasmi kwa kanuni za 2026, safari hii na Aston Martin. Timu moja tena. Magari mawili tena. MGU-H imefutwa kwenye kanuni hizo, kwa hiyo ule mti waliojifunza kuupanda kwa taabu umekatwa.

#35 Bibi Pistoni

Aston Martin? Si ndiko aliko Alonso?

#36 Mzee wa Gia

Ndiko. Na mwaka 2024 aliongeza mkataba mpaka 2026.

#37 Bibi Pistoni

Alonso yule wa GP2?

#38 Mzee wa Gia

Yule yule, Bibi. Na Suzuka bado iko kwenye kalenda.